Naomba ushauri: anayeingiza pesa nyingi ndiye anayenyanyasa wenzake

Wakuu, habari zenu. Kitengo chetu cha mauzo kina mtu anayeleta wateja wakubwa kuliko sisi wote. Huyohuyo huwatukana wasaidizi mbele za watu, na mabinti wapya huwashikashika hata wakikataa. Tukilalamika, bosi hujibu, "Mvumilieni, ndiye anayetulipa mishahara." Hesabu gani hiyo? Wanaoacha kazi kwa sababu yake, pamoja na wateja wanaoondoka nao, mbona hawahesabiwi?

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unapinga unyanyasaji kazini. Binti mmoja yuko tayari kuandika malalamiko, lakini anaogopa kufukuzwa. Tuandike barua moja kwa pamoja au kila mtu yake? Na ushahidi tuutunzeje?