Naomba ushauri: Orvieto kwa siku moja na mzazi mwenye shida ya magoti

Habari zenu wakuu. Nampeleka mama Orvieto, Italia, tukitokea Roma kwa treni na kurudi jioni. Kupanda mlima si tatizo: stesheni iko bondeni, funikula (treni ya kuvutwa kwa kamba) inapandisha hadi Piazza Cahen, kisha kuna basi dogo hadi kanisa kuu, Duomo.

Kinachoniumiza kichwa ni kisima cha San Patrizio. Kina vidato 248 vya kushukia na 248 vingine vya kupandia, ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, zilizojengwa hivyo ili nyumbu wabebao maji wasigongane. Vidato ni vipana na vifupi, lakini ukigeuka katikati unapishana na msafara wote unaoshuka. Aliyewahi kushuka na mzee, alifika chini? Au nimwache tu juu?

La pili ni mpangilio. Uso wa Duomo unatazama magharibi, kwa hiyo mozaiki zake za dhahabu hung'aa alasiri. Nawaza asubuhi tuingie kanisa dogo la San Brizio, lililo ndani ya Duomo, tuone picha za mchoraji Signorelli za siku ya kiyama (1499–1504), tule mapema kabla majiko hayajafungwa, kisha turudi uwanjani. Kuna kasoro hapo?

Halafu hatuli nguruwe. Umbrichelli ni tambi za unga na maji, hazina neno. Mchuzi ndio mtego: amatriciana ina shavu la nguruwe, na cinghiale ni nguruwe pori. Zaidi ya tartufo (uyoga wa chini ya ardhi), tuagize mchuzi gani?