Seli ya klorini: bati chanya linaliwa, bati hasi linaota gamba jeupe

Ampea_Lindi:
Wakuu, salaam. Seli ya kutengeneza klorini ya kutibu maji: bati mbili za stenlesi 304, sentimita 10 kwa 10, zimeachana milimita 15, volti 12. Kila lita ina gramu 30 za chumvi ya mashamba ya huku Lindi. Nusu saa tu maji yanakuwa ya kahawia. Nianze kubadilisha nini?

Kathodi:
Bati chanya, mkuu. Hiyo kahawia ni chuma kilichoyeyuka, na ndani yake mna nikeli na kromi, kwa hiyo usitibu maji ya kunywa kwa hiyo kitu. Hata stenlesi 316 haihimili kloridi upande chanya. Titani tupu nayo hujivika oksidi, mkondo ukakata. Tafuta wavu wa titani uliopakwa oksidi za rutheni na iridi. Wavu, ili mapovu yatokee nyuma yasizibe katikati. Upande hasi titani tupu yatosha.

Halafu sogeza bati. Kwa ampea 10, milimita 15 za maji hayo zinakula volti 3 na ushee bure. Milimita 3 hazifikishi 0.7. Zitenganishe kwa vipande vya PVC, zisimame wima. Seli itataka kama volti 4, basi kwa volti 12 unga tatu mfululizo, kila moja na chombo chake, la sivyo mkondo unapita kando.

Ampea_Lindi:
Kaboni za betri kavu je?

Kathodi:
Zinamomonyoka, utapata masizi.

Maji_Mikindani:
Gamba ni magnesi na kalsi za chumvi ya bahari. Kwenye bati hasi maji yana alkali kali, zinaganda hapo. Yeyusha chumvi hadi igome kuyeyuka zaidi, tia kabonati ya sodiamu, kisha kostiki (hidroksidi ya sodiamu) hadi pH 11. Ilale usiku, chota ya juu, lita 1 kwa lita 11 za maji ya mvua (ya kisima yatarudisha kalsi). Gamba lililopo litoe kwa siki, ila suuza klorini yote kwanza: zikikutana ni gesi ya sumu. Usigeuze chanya na hasi ili lidondoke, mpako wa wavu utakufa.

Ampea_Lindi:
Niikatize baada ya muda gani?

Kathodi:
Lita 1, ampea 10, saa 1. Kwa hesabu ya Faraday (umeme uliopita unatoa kiasi gani) ni gramu 13 za klorini. Tarajia 7 hadi 9. Ukizidisha muda, au joto likipita nyuzi 40, klorini inageuka klorati, chumvi isiyotibu maji. Kila seli inatoa zaidi ya lita 4 za hidrojeni kwa saa, kwa hiyo iwe nje, bila mfuniko, mbali na jiko la mkaa.