Waini kavu inanikaza ulimi, nianzie wapi?

Mchanga wa Shangani:
Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara mjini. Miaka yote nakunywa waini nyekundu tamu, ile ukitia barafu inashuka kama juisi. Wiki iliyopita shemeji yangu karudi kutoka Dodoma na chupa mbili za nyekundu kavu. Nikafungua moja usiku, nimeshakula muda mrefu. Funda la kwanza tu ulimi ukakauka, mashavu yakavutika ndani, koo likawaka. Shemeji anasema humo ndani kuna ladha tano sita. Mimi nimesikia uchungu peke yake. Chupa ya pili bado ipo na nataka kweli kujifunza. Nianzie wapi?

Dada wa Newala:
Pole kaka. Nimehudumu kwenye meza za hoteli miaka tisa, na wengi huanza hivyo hivyo.

Wewe ni mtu wa Kusini, bibo, lile tunda la mkorosho, unalijua. Ukiling'ata linavyokukaza ulimi mpaka unatafuta maji? Ukakasi wa kwenye waini nyekundu ni wa namna hiyo hiyo, unatokana na tanini. Kwenye zabibu tanini inakaa katika maganda na mbegu, na waini nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake. Chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi nayo inayo. Inashikana na mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Kwenye waini yako ya zamani sukari ilikuwa inaifunika. Kwenye kavu, hamira imeshaila sukari karibu yote.

Kwa hiyo chupa ya pili usiinywe peke yake. Choma mbuzi, mbavu zenye mafuta, utafune kwanza ndipo unywe. Na uiweke kwenye friji nusu saa. Wanaosema nyekundu inywewe kwa joto la chumbani wanasemea vyumba vya Ulaya, si vya kwetu Novemba. Ikipata joto, kileo kinapanda puani na kuunguza koo.

Ila ningekuwa wewe ningeanzia nyeupe. Tafuta Chenin Blanc kavu, waini ya zabibu nyeupe za jina hilo. Dodoma wanailima, na Afrika Kusini ipo tele. Nyeupe hukamuliwa, maganda yakatolewa kabla ya kuchachuka, kwa hiyo ukakasi ni kidogo sana, unabaki uchachu. Uchachu huo unaupenda tayari: ndiyo ndimu unayokamulia changu. Nunua pweza pale Feri, mchome, kunywa naye. Nusa kwanza, taratibu, ujiulize ni tunda gani. Mimi mara ya kwanza nilisikia pera, halafu asali.

Mvuvi Lindi:
La friji ni kweli tupu. Naongeza moja: angalia chupa ilikaa wapi dukani. Iliyopangwa dirishani, jua la mchana linaipiga, imeshaharibika, usiitumie kujifunzia.

Mchanga wa Shangani:
Mrejesho. Jana nimefanya kama dada alivyosema, friji nusu saa na mbavu za mbuzi. Funda la kwanza lilikaza kidogo. Nikatafuna kipande chenye mafuta, nikanywa tena, likapita laini kabisa, na nyuma ikabaki ladha ya zambarau zilizoiva sana. Mke wangu anasema hapana, ni pilipili manga. Tumebishana mpaka chupa ikafika nusu. Jumamosi naenda Feri kununua pweza.