Mjadala: Canada iendelee kumpeleka bingwa wa Brier (mashindano ya taifa) kwenye mashindano ya dunia ya kalingi, au iteue timu?

Mkaazi wa Regina

Wakuu, mashindano ya dunia ya kalingi ya wanaume ya 2025 yamekwisha Moose Jaw, hapa hapa mkoani kwetu Saskatchewan. Scotland ya Bruce Mouat imeibwaga Uswisi 5-4 kwenye fainali, na wenyeji Canada wameambulia shaba. Mara ya mwisho Canada kutwaa dhahabu ni 2017. Kwa nchi iliyolibeba kombe hili mara 36 tangu 1959, hicho ni kiu kikubwa, na huku kwetu mjadala ni mmoja: tuachane na mchujo, tuteue timu kama wenzetu wa Ulaya?

Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili za watu wanne wanne, jiwe la granaiti la karibu kilo 20, na duara la shabaha lililochorwa kwenye barafu upande wa pili. Mmoja anaachia jiwe, wawili wanakimbia mbele yake wakifagia kwa nguvu ili lisipoteze kasi wala kupinda mapema, nahodha amesimama kwenye duara anapiga kelele za maelekezo. Raundi ni 10. Atakayeachia jiwe la mwisho kwenye raundi ndiye mwenye faida.

Canada ina mashindano ya taifa yaitwayo Brier, yaliyoanza 1927. Mikoa na maeneo yote ya nchi hupeleka timu, na bingwa ndiye huvaa jezi ya taifa kwenye mashindano ya dunia wiki chache baadaye. Mimi nasema utaratibu huu ubaki. Nafasi ya kuiwakilisha nchi ipatikane kwenye barafu mbele ya watu, isigawiwe na kamati ndani ya chumba.

Fagio Refu

Mkuu, heshima yako, lakini hapo unaongozwa na mapenzi. Tazama wanaotufunga. Niklas Edin wa Sweden ana dhahabu saba za dunia: 2013, 2015, 2018, 2019, 2021, 2022 na 2024. Timu yake inajulikana mapema, inatunzwa, inafanya mazoezi pamoja mwaka mzima ikiwa na shabaha moja. Mouat na wenzake wana kituo chao cha taifa pale Stirling na fedha za umma nyuma yao. Sisi tunasubiri mwezi wa tatu ndipo tujue nani anakwenda. Bingwa anatoka kwenye Brier amechoka mwili na akili, anapewa wiki kama tatu, kisha anaambiwa akapambane na mtu aliyekuwa anamsubiri msimu mzima.

Halafu timu bora ya msimu inaweza kuteleza jioni moja tu ikabaki nyumbani. Kuna haki gani hapo?

Mkaazi wa Regina

Ndugu yangu Fagio, hebu tuangalie rekodi yenyewe. Tangu 2018 hadi 2024 mashindano yamechezwa mara sita, maana yale ya 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona. Canada imefika fainali mara tano kati ya hizo sita. Tano! Mchujo mbovu hauwezi kukufikisha fainali mara tano.

Na nani alikuwa nahodha? Fainali ya 2019 alicheza Kevin Koe. Nyingine zote nne, yaani 2018, 2022, 2023 na 2024, ni Brad Gushue, bingwa wa Olimpiki wa 2006 na bingwa wa dunia wa 2017. Niambie kwa dhati, kama ungekuwa na kamati ya uteuzi miaka hiyo, ingemwacha Gushue? Ingempeleka yeye yule yule, na angekutana na Edin yule yule, au Mouat mwaka 2023. 2024 kule Schaffhausen, Uswisi, Edin alitufunga 6-5. Tofauti ya pointi moja hairekebishwi kwa kubadilisha barua ya mwaliko.

Bi Mwanaisha

Jamani, mnahesabu medali tu, mimi nina jingine. Kaka Fagio, ulitazama fainali ya Brier ya 2017 kule St. John's? Wenyeji, mkoa wa Newfoundland, walikuwa hawajashinda tangu 1976. Matokeo 6-6, jiwe la mwisho mkononi mwa Gushue, mtoto wa nyumbani. Analiachia, linaonekana wazi halina kasi. Wafagiaji wake, Geoff Walker na Brett Gallant, wakaliinamia tangu mwanzo, wakafagia njia nzima bila kuinua kichwa, uwanja mzima umesimama, hadi likaingia kwenye duara. 7-6. Wiki chache baadaye watu hao hao wakaenda Edmonton na kuileta dhahabu ya dunia.

Sasa toa tiketi ya dunia kwenye Brier, ibaki kombe tupu. Nunavut, eneo la kaskazini kabisa ambako klabu ni za kuhesabu, watu wenye kazi zao za kila siku wanaomba ruhusa na kusafiri mbali wakijua watafungwa mechi nyingi. Wanakwenda kwa sababu siku hiyo wanacheza kwenye njia ile ile anayopita bingwa wa dunia. Ukiwaondolea hilo, unadhani watoto wao watashika fagio?

Eldoret

Nasoma nikiwa Kenya, sisi barafu hatuna lakini ugomvi huu tunaujua vizuri. Wakimbiaji wetu wa uwanjani huchujwa, ila wa marathoni huteuliwa. Paris 2024 Eliud Kipchoge aliteuliwa, akajitoa njiani. Benson Kipruto naye aliteuliwa, akaleta shaba. Kwa hiyo uteuzi si dawa na si sumu. Swali langu kwa Fagio: mteuzi akikosea, nani atawajibika? Kwenye mchujo, aliyeshindwa anamjua aliyemshinda.

Fagio Refu

Eldoret, swali zuri. Masharti yawekwe wazi kabla ya msimu: pointi za mwaka mzima, matokeo dhidi ya timu za Ulaya, basi. Bi Mwanaisha, ya Nunavut yamenigusa na sina jibu jepesi. Lakini hata Brier yenyewe siku hizi ina timu zinazoingia kwa viwango na si kwa kushinda mkoa. Mlango wa uteuzi tumekwisha kuufungua, tunachobishania ni ukubwa wake.

Mkaazi wa Regina

Hapo nakubaliana nawe nusu. Kuingia kwa viwango ni kupewa nafasi ya kucheza, bado utashinda au utafungwa hadharani. Nafasi ya dunia ni kitu kingine.

La uchovu nalipokea lote. Kwenye mashindano ya dunia kuna timu 13, kila moja inacheza mechi 12 kabla ya mtoano. Kwenda huko ukiwa umetoka kwenye Brier juzi ni mzigo. Basi Brier isogezwe mwezi wa kwanza, bingwa apewe kambi, kocha na fedha, aende Ulaya kucheza nao kabla ya siku yenyewe. Hilo halijajaribiwa. Wenye hoja dhidi ya tarehe hizo, hasa kwa mikoa inayochelewa kumaliza mashindano yake, leteni.