Tunaenda Disney Orlando na mama kutoka Tanga: tubebe kamera ya video au simu inatosha?

MamaWatatu (Columbus, Ohio)

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa waliowahi kwenda Walt Disney World kule Florida na familia, hasa wale wanaopenda kurekodi. Mwezi wa 6 shule zikifunga tunapanda ndege kwenda Orlando, mimi na mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka 4, mkubwa 12) na mama yangu mzazi ambaye yupo kwetu kwa visa ya matembezi, atarudi Tanga mwezi wa 8.

Baba hakuweza kuja. Magoti yanamsumbua na daktari amemkataza safari ndefu ya ndege, na kila tukipiga simu anasema nyie mtaona mimi nitahadithiwa, inaniuma sana. Kwahiyo nataka mama akirudi awe na video ya kueleweka, wakae wote wawili sebuleni waangalie mwanzo mpaka mwisho, sio vile vipande vya sekunde kumi kumi tunavyomrushia WhatsApp.

Sasa mume wangu ana kamera ya video ya Sony, ile Handycam, aliyonunua Dubai alipokuwa anafanya kazi kule, ni ya zamani kidogo ila nzima kabisa, anataka tuibebe. Mimi nawaza tutakuwa na kigari cha mtoto, begi la nguo za kubadilisha, mama anatembea taratibu, halafu juu yake kamera na chaja na betri, na yeye akishika kamera kutwa nzima maana yake watoto nawakimbiza mimi peke yangu. Je, kamera zinaruhusiwa mle ndani? Mkipanda zile bembea kubwa inabaki wapi? Na lile joto na mvua za Florida haviiharibu? Natanguliza shukrani.

Mzigua_Houston

Bebeni. Simu mtaihitaji kwa mambo mengine, tiketi zimo kwenye simu, ramani kwenye simu, kujua foleni ipi fupi kwenye simu, mpaka chakula unaagiza humohumo kwenye programu yao inaitwa My Disney Experience. Ukianza na kurekodi juu yake ikifika saa nane mchana simu imezima na hapo bado hujala. Kamera iwe kamera, simu iwe simu, na pawabenki iwepo kwenye begi.

FundiVideo_MN

Dada, mimi narekodi harusi na sendofu za Watanzania huku Minnesota na Disney nimeshapeleka familia yangu, kwahiyo nivumilie nijibu kwa urefu.

Kuruhusiwa zinaruhusiwa, Handycam ya familia hakuna atakayekusumbua, begi litakaguliwa pale getini basi. Wanachokataza ni fimbo za selfi, hizo walizipiga marufuku toka katikati ya 2015, na tripodi kubwa, yaani ile isiyoingia kwenye begi la kawaida la mgongoni au inayorefuka kupita futi 6. Droni usiwaze kabisa, anga ya pale imefungwa kwa sheria. Na kwenye zile za gizani, za boti na vigari vya ndani, usiwashe taa ya kamera, unawaharibia wote waliokaa na wewe.

Kwenye rola kosta usiishike kamera, iingie kwenye begi na begi libaki na mtu aliye chini. Na lazima kuna mtu atabaki chini, maana Space Mountain na Expedition Everest zinataka mtoto awe na inchi 44, kama sentimita 112 hivi, huyo wa miaka 4 sidhani kama anafika. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni mnataka Rider Switch, mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, wakishuka mnabadilishana bila kupanga ile foleni yote upya. Huyo aliyebaki ndiye mrekodi, akae pale wanapotokea awasubiri. Mtoto akishuka Everest anaongea mfululizo bila kumeza mate, hiyo ndiyo babu yake anataka kuiona, ile ya ndani inayotikisika ipo YouTube tele. Mkigusa na Universal, paki za kampuni nyingine hapohapo Orlando, wao wakali zaidi, rola kosta zao za Hulk na VelociCoaster hupandi na kitu chochote mfukoni hata simu, unapitishwa kwenye mashine ya kukagua chuma, vitu unaacha kwenye loka.

Hiyo kamera ya Dubai iangalieni mapema. Umeme wa kule ni wa hezi 50 kama wa nyumbani, Marekani ni 60, na kamera za soko lile huja na mfumo wa video wa PAL, unaoendana na hezi 50. Nje juani huoni shida yoyote, ila ukiingia ndani kwenye taa picha inaanza kumetameta na michirizi inapita pita. Ingia kwenye menyu uone kama inakubali kubadilishwa kuwa NTSC, mfumo wa Marekani unaoendana na hezi 60, za zamani nyingi hazikubali, basi kama inaruhusu kuweka shata kwa mkono, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, weka 1/60 ya sekunde ukiwa ndani, itatulia. Jaribuni hapo jikoni kwenu jioni hii, taa zipo.

Joto lenyewe kamera inavumilia, shida ni unyevu. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi kikali, ukitoka nje tu lenzi inashika ukungu, na watu wanakimbilia kuifuta kwa kanga au shati, wanaikwaruza. Kabla hujatoka iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kubana mdomo, ufunge, toka nayo, iache nusu saa izoee joto la nje ndio uitoe. Mfuko huohuo utakufaa mchana, mvua za radi mwezi wa 6 kule ni kawaida sana na zinakuja ghafla.

Nimalizie na sauti maana watu wengi hawaijali. Kelele ni nyingi mle, muziki kila kona. Ukisimama mbali ukazumu utapata sura nzuri na maneno hamna. Sogea, hatua mbili tatu kutoka kwa anayeongea, upepo uupe mgongo. Usiku kwenye fataki za Magic Kingdom, moja ya paki za Disney, weka fokasi kwa mkono maana otomatiki inahangaika gizani, rekodi fataki dakika moja au mbili, halafu geuza kamera umwangalie mama na watoto wakiangalia juu, usizime, acha iende tu.

ShangaziZai (Toronto)

Mdogo wangu, yote wameyasema vizuri mafundi, mimi nina swali moja, mama mwenyewe mmemuuliza? Sisi watu wazima tuna yetu. Mimi sipendi kurekodiwa nakula, sipendi kurekodiwa mtandio umeteleza, na sipendi kuona sura yangu nimechoka imezungushwa kwenye magrupu ya ukoo. Kaa naye kabla ya safari, mwambie mama tunataka kumrekodia baba, wewe unapenda tuonyeshe nini. Na kila jioni mpe aangalie mlichorekodi, asichokitaka kifutwe mbele yake.

Halafu kutembea. Kule ni kilomita na kilomita, siku moja tu miguu inavimba, wilichea zinakodishwa palepale mkishaingia. Mama anaweza akakubali kukaa ila asikubali baba amuone amekaa kwenye wilichea, atapata wasiwasi kule aliko, si unajua wazee. Hilo nalo muulizeni.

Ninachokiamini sana ni hiki: mama awe ndiye msimulizi. Tulipomleta mama yetu huku tulimzungusha sehemu nyingi na kila jioni mdogo wangu alikuwa anaweka kamera juu ya meza hotelini, mama kaoga, kavaa kanga zake, anaongea na baba moja kwa moja kama yuko mbele yake, baba fulani leo tumekwenda mahali hivi, nimeona hivi, huyu mjukuu wako kalia kwa ajili ya aiskrimu. Dakika tano, kumi. Watoto wanamkatiza, Kiswahili chao cha kuvunjika vunjika, anawasahihisha, wanacheka. Ukishakuwa na hayo, zile picha za mchana unazipachika katikati na hadithi inakuwa ya mama, baba anahadithiwa na mkewe. Nyie wa kurekodi hamhitaji kushika kamera kutwa, mkipata vipande vifupi vya mambo anayoyataja mama vinatosha.

Na huyo wa miaka 12 mpeni kamera saa fulani za mchana. Wewe na mumeo muonekane kwenye video ya familia yenu, baba yako amekukosa wewe pia sio wajukuu tu.

Otieno_NRB

Nakubaliana na Shangazi kabisa. Niongeze tu kuhusu Animal Kingdom, hiyo paki ilifunguliwa 1998 na si mnajua wamejenga mji mzima wa kuigiza wa pwani yetu, unaitwa Harambe, vibao vya Kiswahili, kuta zimechakazwa makusudi zikae za kizamani, na wafanyakazi wanakusalimia Jambo. Ndani yake ndio kuna Kilimanjaro Safaris, mnapanda lori la wazi mnapitishwa kwa twiga, ndovu, simba, wanyama wa ukweli kabisa. Ndugu zangu wanaoishi Florida walinipeleka na nikashangaa sana.

Nendeni asubuhi paki ikifunguliwa tu, wanyama hawajajificha jua. Lori linaruka ruka kwa mashimo, kwahiyo usizumu, fungua lenzi upana wake wote na ushike kamera kwa mikono miwili, viwiko vikae mwilini. Sasa mzee wa Tanga ana Saadani na Mkomazi hapo karibu, twiga si habari kwake. Muweke mama mwanzo wa kiti, mtu wa kurekodi akae upande wa pili wa watoto, upate uso wake na mnyama nyuma yake kwa pamoja. Na mkiwa pale mjini Harambe mwacheni atembee asome vibao kwa sauti yake mwenyewe, aseme kipi kimekaa kama kwao na kipi si kweli. Mama wa pwani hawezi kukosa la kusema kuhusu ile milango. Ile video mimi mwenyewe ningetaka kuiona.

Pia wale wapiga picha wa paki wenye vesti, ukiwapa simu yako wanakupiga picha bila kulipa, tumieni hao mpate picha mkiwa wote sita.

MamaWatatu (Columbus, Ohio)

Jamani asanteni mno, nimesoma yote nikampa na mume wangu asome. Shangazi Zai nimemuuliza mama leo baada ya magharibi. Kumbe alikuwa na lake moyoni, amesema kurekodiwa sawa ila zisiende kwenye grupu la ukoo mpaka baba awe wa kwanza kuona, na ya kwenye wilichea tusimrekodi kabisa. Ile ya kuongea na baba jioni amefurahi, ameshaanza kuchagua kanga za kuvaa.

Kamera tunabeba. Nimebaki na mawili. Betri za akiba tunaweka begi gani la ndege? Na video itamfikiaje baba? TV yake ni ya kawaida, ina tundu la fleshi pembeni, intaneti anaweka bando la wiki.

FundiVideo_MN

Betri za akiba na pawabenki zote kwenye begi la mkononi mnaloingia nalo ndani ya ndege, lile la kukabidhi pale kaunta haziruhusiwi. Vile vichwa vya chuma vya betri zibeni kwa utepe visigusane na funguo au sarafu.

Rekodi kwa HD ya 1080, msihangaike na 4K hata mkikuta kamera inayo. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja, HD ya megabiti 28 haifiki 13, na kwa TV ya mzee HD itang'aa vizuri tu. Kila usiku kabla ya kulala hamisheni kwenye laptopu na kadi msiifute mpaka mfike nyumbani Ohio.

Kumtumia kwa WhatsApp kama video itasagwa ubora. Ukituma kama dokumenti inakwenda ilivyo, mwisho GB 2 kwa faili, lakini bando la mzee litaishia hapohapo. Mama aondoke na fleshi. Handycam nyingi za zamani zinatoa mafaili ya MTS ambayo TV nyingine hazisomi, pakueni programu ya HandBrake, ni ya bure, mgeuze kuwa MP4 ya H.264, hiyo inasomwa karibu kila mahali. H.265, ile mpya zaidi, muiache, TV ya miaka mingi itakwambia faili halijulikani.

Fleshi muifomati kwa mfumo wa FAT32 maana TV za zamani nyingine hazitambui ule mpya zaidi wa exFAT, ila FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Kwahiyo msiunganishe safari nzima kuwa faili moja refu, kateni kwa siku, kila siku dakika 15 au 20, mpe kila faili jina lake la Kiswahili na namba mbele, 01 Safari ya ndege, 02 Harambe, hivyo hivyo, mzee akibonyeza rimoti anachagua mwenyewe. Tengenezeni fleshi mbili zenye vitu vilevile, moja mama aiweke kwenye pochi na nyingine kwenye sanduku, na kabla hajasafiri jaribuni kwenye TV ya mtu mwenye TV ya zamani hapo Columbus.