Familia Yetu: Tiketi ya Nyanya

Shangazi Mwanaisha: Tiketi ya nyanya ya Januari hii hapa. Inatoka Nairobi 23:25, inatua New York 06:25. Saa saba tu? Na London penyewe ni zaidi ya nane!

Juma: Shikamoo shangazi. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pake. Ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kutua ni ya New York. Januari wao wako nyuma yetu saa 8. Saba na nane, kumi na tano.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Saa 15 mwanangu!

Mjomba Athumani: Na ya kurudi isikutishe. 12:25 mpaka 10:55 kesho yake, ukihesabu hivi hivi ni saa 22 na nusu. Toa 8, inabaki 14 na nusu.

Bakari: Mbona kurudi ni haraka?

Juma: Upepo. Huko juu, kilomita kama 10, Atlantiki ya kaskazini inavuma kutoka magharibi, na miezi ya baridi ndiyo mkali hasa. Kwenda ndege inaukabili, kurudi inasukumwa.

Juma: Umbali ni kilomita 11,840 hivi. Boeing 787 inakata kama 900 kwa saa, kwa hiyo 13 na kidogo. Zilizobaki zinaliwa na upepo, kupanda na kushuka, na kutambaa uwanjani, maana tiketi inahesabu lango hadi lango. Tena njia hainyooki: tangu vita vya Sudan, Aprili 2023, ndege nyingi zinaizunguka.

Bakari: Nimepiga rula kwenye ramani, katikati ni baharini karibu na Mauritania 😄

Mjomba Athumani: Rula kwenye ramani bapa inadanganya. Vuta uzi juu ya tufe, utapinda kaskazini. Katikati ya njia fupi ni Morocco, karibu na Marrakech.

Shangazi Mwanaisha: Hakuna ya mchana? Nyanya usiku hana raha.

Juma: JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iko mita 1,624 juu ya bahari, hewa nyepesi tayari. Jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, injini na mabawa yanapungukiwa nguvu. Ndege yenye mafuta ya saa 15 ingebidi iache mizigo au abiria. Usiku kumepoa, inabeba zaidi.

Zaituni (Newark): Mimi nampokea lini?

Juma: Asubuhi ya tarehe inayofuata, dada. Akiondoka usiku wa 14, anatua 15. Uhamiaji na mikoba vinachukua muda, usiende alfajiri kugandia baridi.

Mjomba Athumani: Mkisogeza tarehe kupita Jumapili ya pili ya Machi, hesabuni upya. Marekani wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki 7.

Shangazi Mwanaisha: Haisogezwi. Bakari, mtafutie nyanya soksi za kubana miguu.