Kurusha noti kwenye kwanjula: tuite fahari au mbwembwe?

FundiBusia: Hamjambo ndugu. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Jumamosi tulikuwa na kwanjula ya mpwa wangu, ile sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wakwe kabla ya ndoa. Wakwe walikuja na magari manane, mengi ya kukodi, na friji juu ya pikapu. Kijana wao mmoja akafungua bunda la noti za 1,000, akawa anamrushia MC moja moja huku mpiga video amemsogelea. Mvua ilikuwa imenyesha. Noti zikalala matopeni, watoto wakazigombania. Jumanne baba yake, mkwe mwenyewe, mzee wa heshima, akaja dukani kuniomba nimvumilie deni la gomesi sita, yale magauni marefu ya kike ya Uganda. Nilizishona usiku, hadi vile vifungo viwili vya shingoni. Iliniuma. Kitendo cha yule kijana kinaitwaje kwa Kiswahili?

MwalimuBombo: Pole dada. Fahari si kosa. Mtu huona fahari hata kwa mtoto aliyefaulu. Majivuno yanakaa moyoni. Mbwembwe ndiyo yale madoido ya nje, yanayohitaji mtazamaji. Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1899: mali hutumiwa ionekane, ili mwenyewe apate heshima. Ulimbukeni ni jambo lingine, ni kupagawa na kitu ulichokipata juzi. Angalia pia kutunza: shabiki wa taarabu anamfuata mwimbaji na kumpa noti mkononi. Pale pesa inamfikia mtu.

DerevaMalaba: Mimi bado nakumbuka mazishi ya Ivan Semwanga, yule tajiri wa Uganda, kule Kayunga, 2017. Rafiki zake walimwaga noti na shampeni kaburini. Walikuwa na uchungu, siwahukumu. Lakini maiti hahitaji noti, kwa hiyo walionyeshwa nani kama si sisi tuliosimama kando?

FundiBusia: Asanteni sana, mwalimu umenifungua macho. Basi ni mbwembwe, tena za mkopo, na aliyebeba mzigo ni baba yake. Mzee nimempa hadi mwisho wa mwezi, simdai mkwe mbele za watu. Kijana ndiye nitakayemwita. MC nilimwona kwa macho yangu akiinama kuokota noti, anazipangusa tope kwenye suruali yake ya kazi. Angepewa mkononi tu.